Lambert: Bwana Shauri wa Meru Aliyependa Tenzi za Pwani

Mpenzi wa tenzi aliyepata kukishika mkononi kitabu cha Utenzi wa Vita vya Uhud, uliokusanywa na Haji Chum na kupigwa chapa mwaka 1962, bila shaka ameliona humo jina la Mwingereza mmoja, H. E. Lambert, aliyeuhariri na kuufasiri kwa Kiingereza. Wanaochunguza lahaja zetu nao wanamjua kwa vijitabu vyake vya mwaka 1957 na 1958: kimoja cha Kivumba, kimoja cha Chichifundi, na kimoja cha Kijomvu na Kingare. Ipo pia Diwani ya Lambert, iliyotoka mwaka 1971, mwenyewe akiwa ameshaiaga dunia. Kwa hiyo hapa pwani jina lake si geni, na likitajwa barazani hapakosekani mzee wa kulidakia.

Lakini ni wachache wetu wanaokumbuka kwamba bwana huyu alitumia sehemu kubwa ya utumishi wake mbali kabisa na bahari, huko Embu na Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, akiwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Huko hakuwa akihesabu vina na mizani. Alikuwa akisikiliza kesi: kesi za mashamba, za mbuzi na ng'ombe, na zile kesi zisizokwisha duniani, za mume na mke walioshindwa kukaa pamoja. Leo nataka kuusimulia upande huo wa maisha yake, kwa sababu jambo lililowashughulisha wazee aliokaa nao lingali linatushughulisha sisi, Waislamu wa pwani na watu wa bara sawasawa. Nyumba inapovunjika, kilichochumwa ndani yake kigawanywe kwa mizani ya nani?

Harold Lambert alikuwa mkuu wa wilaya katika nchi hiyo ya mlimani katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mkuu wa wilaya wa siku hizo alikuwa mtu wa kazi nyingi. Alikusanya kodi, alisimamia barabara, alipeleka habari kwa gavana, na juu ya yote hayo alikuwa hakimu. Chini ya sheria ya mwaka 1930 serikali ilikuwa imeweka mabaraza ya kienyeji ya kuhukumu kwa mila, na mtu asiyeridhika na hukumu ya baraza alikata rufani kwa Bwana Shauri. Fikiri basi, msomaji, kijana wa Kiingereza aliyesoma vitabu vya kwao, anawekewa mbele yake kesi ya mwanamke aliyerudi kwa baba yake na mume anayedai mifugo yake irudi. Aamue kwa lipi? Sheria ya Uingereza haikuwa na la kusema juu ya mbuzi hao, na mila ya Meru haikuwa imeandikwa popote.

Wengi wa wakuu wa wilaya walipita njia ya mkato, wakaamua kwa walivyoona wenyewe. Lambert alipita njia ndefu. Aliuliza.

Kuuliza kwake kulimfikisha kwenye Njuri Ncheke. Hili ndilo baraza kuu la wazee wa Kimeru, lililo juu ya mabaraza madogo ya mitaa na koo. Mtu hakuingia humo kwa utajiri wala kwa kupendwa na serikali. Aliteuliwa kwa mwenendo wake, akala kiapo, akafunzwa sheria za kabila na siri za baraza. Waliomtangulia Lambert waliyatazama mambo hayo kwa jicho la shaka. Mbele yao kila kilichofanywa kwa siri kilikuwa uchawi au fitina, na katika miaka ya 1920 serikali ilipambana vikali na vyama vya siri vya Meru. Matokeo yake yalikuwa kwamba wazee wenye elimu ya sheria walijificha, na mabaraza ya serikali yakajaa watu wasioaminiwa na wananchi. Hukumu zilitolewa mchana na mabaraza ya serikali, halafu kesi zilezile zikahukumiwa upya na wazee bila ya serikali kujua.

Lambert aliona kwamba nchi haiwezi kuwa na hakimu wawili wasiojuana. Akayatetea mabaraza ya asili mbele ya wakubwa wake, akashauri kwamba mabaraza ya serikali yapate nguvu yake kutoka kwa Njuri. Palikuwa na kikwazo kingine. Wameru waliokuwa wamebatizwa na misheni hawakuweza kuingia Njuri kwa sababu ya kafara na kiapo, na bila wao baraza lingewakosa vijana waliosoma. Katika siku zake ikatafutwa njia ya kuwaapisha Wakristo bila ya kuvunja imani yao, na mlango ukafunguka. Fikira zake juu ya mambo haya alizitia katika kitabu kilichotoka mwaka 1947 juu ya matumizi ya mamlaka ya asili katika utawala wa Wameru, na mwaka 1956 akatoa kitabu kikubwa zaidi juu ya mila na siasa za Wakikuyu na jamaa zao wa mlimani.

Tusimpambe kupita kiasi. Lambert alikuwa mtumishi wa ukoloni, na ukoloni ulipenda wazee watawale kwa sababu wazee ni rahisi kuwatawala kuliko vijana. Tena Njuri lilikuwa baraza la wanaume. Wanawake wa Kimeru walikuwa na mabaraza yao, yenye heshima na adabu yake, lakini neno la mwisho juu ya mifugo na ardhi lilitoka vinywani mwa wanaume.

Hata hivyo ni vyema tuielewe mizani ya wazee hao kabla ya kuihukumu. Mahari ya Kimeru yalikuwa na mafungu yanayojulikana: mtamba wa ng'ombe, fahali, kondoo jike, kondoo dume, na asali. Mali hiyo haikuwa ya bibi harusi. Ilikwenda kwa wazazi na jamaa zake, na kwa kuitoa mume alipata mke na watoto watakaozaliwa. Ndoa ikivunjika, hesabu ilianzia hapo. Mwanamke akirudi kwao, watoto kwa kawaida walibaki upande wa baba, na jamaa zake walikabiliwa na dai la kurudisha mifugo. Ndoa haikuhesabiwa kuwa imekwisha kabisa mpaka jambo la mahari limekwisha.

Sisi tuliolelewa chuoni tunaiona tofauti mara moja. Katika Uislamu mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe. Si ya baba yake, wala ya mjomba wake, na mume hana ruhusa ya kuyagusa bila ya ridhaa yake. Anachokimiliki mke kabla ya ndoa na baada yake ni chake, na ndiyo maana tangu zamani katika miji ya Lamu na Mombasa walikuwako wanawake wenye nyumba na mashamba kwa majina yao. Lakini tusikimbilie kujisifu, kwani ipo pia mahali tunapokutana. Mwanamke wa Kiislamu akitaka kujivua ndoa kwa khului, naye hurudisha mahari au hutoa fidia. Mzee wa Kimeru angeielewa hoja hiyo bila ya kufasiriwa.

Ndani ya boma la Kimeru na la Kiembu kulikuwa na mgawanyo mwingine, nao ndio hasa ulioilinda haki ya mwanamke. Kila mke alikuwa na nyumba yake, ghala yake, na sehemu ya shamba aliyoilima. Mimea yenyewe ilikuwa na wenyewe. Viazi vikuu na mizinga ya nyuki vilikuwa vya mwanamume. Maharagwe na nafaka za chakula zilikuwa mikononi mwa mwanamke. Mume hakuingiza mkono katika ghala ya mkewe apendavyo. Mifugo na mashamba yaliyowekewa nyumba ya mke mmoja hayakuhamishwa kwenda kwa mke mwenzake bila ya maneno, na maneno yakizidi wazee walikaa. Ushahidi wa wazee hao ulikuwa macho ya majirani. Kila mtu mtaani alijua nani analima wapi, tangu lini, na nani alipanda nini.

Kisha ukaja mbuni.

Serikali ya wakoloni kwa muda mrefu iliwazuia Waafrika kupanda kahawa, ili walowezi wasipate mshindani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kizuizi hicho kilianza kulegezwa, na sehemu za kwanza kuruhusiwa kwa majaribio zilikuwa Kisii, Embu na Meru. Basi wakati uleule Lambert alipokuwa akiandika mila za wazee hao, mti uliokuja kuzivuruga ulikuwa ukitiwa ardhini mbele ya macho yake. Kahawa haikuwa na mahali katika mgawanyo wa zamani. Haikuwa kiazi kikuu cha mume wala haragwe la mke. Ni mti wa kudumu, kwa hiyo ulihesabiwa wa mwenye ardhi; na mwenye ardhi mbele ya serikali ni mwanamume. Mke akapalilia, mke akachuma, mke akabeba debe mpaka kiwandani. Fedha ziliandikwa kwa jina la mume katika daftari la chama cha ushirika.

Daftari hilo lilikuwa mwanzo tu. Katika miaka ya 1950, katikati ya vita vya Mau Mau, ulikuja mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wa kuyapima mashamba, kuyaunganisha na kuyaandikisha. Lambert hakuwa tena Bwana Shauri wa Meru. Mwaka 1950 alikuwa ametoa kitabu juu ya namna ardhi ilivyoshikwa katika nchi za Wakikuyu na jirani zao, akieleza jinsi haki za ukoo, za nyumba na za mtu mmoja zilivyosukana katika shamba lilelile. Karatasi mpya hazikuwa na nafasi ya kusuka kwa namna hiyo. Zilikuwa na mstari mmoja wa jina, na katika mashamba mengi sana jina lililoandikwa lilikuwa la baba mwenye nyumba. Sheria ya mwaka 1963 ya ardhi iliyoandikishwa ikampa mwenye jina nguvu kubwa kuliko alizopata kuwa nazo mwanamume yeyote wa Meru mbele ya wazee wake. Yale macho ya majirani yaliyokuwa ushahidi hayakuwa tena na kazi mbele ya cheti.

Wakati hayo yakitendeka bara, Lambert alikuwa ameuelekeza uso wake kwetu. Alizunguka pwani ya kusini akisikiliza Wavumba na Wachifundi wakisema, akaandika nyimbo za unyago na nyimbo za beni, akakaa na tenzi. Mimi nikivisoma vijitabu vyake huyaona yale masikio yaliyokaa na wazee wa Njuri. Hakuwasahihisha wasemaji. Hakuwaambia Wavumba kwamba Kiswahili chao si sanifu. Aliandika walivyosema. Kwa kazi hiyo tuna deni kwake, maana baadhi ya maneno aliyoyaandika leo huyasikii tena hata Wasini wala Vanga.

Alifariki katika miaka ya 1960, na muongo huohuo uliifunga dunia ya mahakama aliyoijua. Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha sheria mpya ya mahakama za mahakimu, na zile mahakama za Kiafrika zilizohukumu kwa mila zikaondolewa. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya mahakama za kadhi tulizo nazo, na ikaundwa tume ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka za nchi nzima. Mswada uliotokana na tume hiyo ulikataliwa bungeni Nairobi. Tanzania iliyachukua mengi ya mapendekezo yake ikayatia katika Sheria yake ya Ndoa ya mwaka 1971, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua katika shauri la mke na mume Waislamu kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa.

Kenya ilichelewa. Kwa kukosa sheria yake yenyewe, mwaka 1971 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 juu ya mali ya wanawake walioolewa inatumika nchini. Kwa hiyo mwanamke wa Embu aliyechuma kahawa miaka ishirini alipimwa kwa sheria iliyotungwa London wakati wa Malkia Victoria, wakati Mwingereza hajautawala mlima huo. Hata sisi haikutupita. Mwaka 1996, katika shauri lililowahusu Waislamu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba sheria hiyo inawahusu Waislamu kama inavyowahusu wengine. Mwaka 2007 mahakama hiyohiyo ikasema kwamba mke hapati fungu kwa sababu tu ya kuwa mke. Sharti aonyeshe alichangia nini katika kununua mali. Kupika, kulea na kutunza nyumba hakukutiwa katika mizani.

Ikaja Katiba ya mwaka 2010, ikasema katika kifungu cha 45 kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa, na wakati wa kuachana. Mwaka 2013 ikafuata Sheria ya Mali ya Ndoa. Sheria hiyo inasema mali ya ndoa hugawanywa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja, lakini ikaueleza mchango upya: si fedha tu, bali na kazi za nyumbani, kulea watoto, kuendesha biashara ya jamaa, na kazi ya shambani. Kwa maneno hayo mawili ya mwisho, yule mama mwenye debe la kahawa alirudishiwa ushahidi wake baada ya miaka themanini. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba usawa hauna maana ya nusu kwa nusu katika kila kesi. Kila mmoja alete ushahidi wa mchango wake, na mahakama iupime.

Katika sheria hiyo mna vifungu viwili ambavyo nadhani Lambert angevisoma kwa makini. Kifungu cha 3 kinamruhusu Muislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Kifungu cha 11 kinasema wakati wa kugawa itazamwe pia mila ya jamii husika, maadamu haipingani na Katiba, pamoja na haki ya mke, hata aliyeachwa, ya kuitumia ardhi ya jadi na nyumba ya ndoa. Kwa hiyo jaji anayekaa leo katika Mahakama Kuu ya Meru au ya Embu anaweza kujikuta akiuliza lile aliloliuliza Bwana Shauri: mila ya watu hawa hasa inasema nini? Mila hiyo aitafute mahali pote ilipohifadhiwa, kwa wazee na katika vitabu vya watu kama Lambert. Akiitafuta, asisahau kuuliza juu ya ghala ya mke, kwa sababu wapo wanaoikumbuka mila pale tu inapompa mwanamume.

Na sisi wa pwani, je? Wameru wenyewe husimulia kwamba asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa, nao wapo wanahistoria wanaokitafuta kisiwa hicho Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu. Iwapo ni kweli, basi ni jirani zetu waliohama. Tunasema, na ni kweli, kwamba sheria yetu ilimpa mwanamke mali yake karne nyingi kabla ya Uingereza. Lakini wako miongoni mwetu wanawake waliouza duka pamoja na waume zao miaka thelathini, wakashona, wakakaanga, wakanunua mabati ya nyumba, na jina likawa la mume peke yake. Siku ya talaka wanatoka na nguo zao na masurufu ya eda. Sheria ya dini inautambua ushirika wa mali pale unapothibitishwa. Kinachowapotea hao ni uthibitisho: hapana aliyeandika, na majirani siku hizi hawajui ya ndani.

Lambert alijaza madaftari kwa maneno ambayo wenyewe hawakuona haja ya kuyaandika, maana waliyajua kwa moyo. Waliokuwa wakiyajua wamekufa, na yaliyoandikwa ndiyo yaliyobaki. Mume na mke wanaopendana leo nao huona hawana haja ya kuandika nani alitoa nini. Basi na waandike wakiwa wangali wanapendana, majina yote mawili katika hati moja, ili ikija siku ya kadhi au ya jaji pasiwe na wa kudhulumu wala wa kudhulumiwa. Insafu ni rahisi kwa hakimu aliyeletewa ukweli.